Hamira kwenye damu: flukonazo, amfoterisini au ekinokandini?

Simu ya maabara huwa fupi: chupa ya damu ya mgonjwa wa kitanda cha nne imeota, slaidi imepakwa rangi, kinachoonekana ni hamira. Saa hiyo hakuna anayejua ni hamira ya jina gani. Jina litapatikana kesho au keshokutwa, na orodha ya dawa zinazoiua itachelewa zaidi. Mgonjwa yuko chumba cha mahututi wiki ya tatu, ana katheta (mpira mwembamba wa kupitishia dawa) kwenye mshipa wa shingo, amepewa antibayotiki mbili kali na homa bado inapanda. Daktari wa zamu anaipigia famasi na kuuliza swali nililolisikia miaka yote ya kazi yangu: "Tuanze na flukonazo, si ipo?"

Ipo, ndiyo. Ipo karibu kila hospitali, ina vidonge na ina dripu, bei yake inabebeka. Lakini kuwapo kwake stoo hakutuambii kama hamira iliyo ndani ya chupa ile inaisikia. Makundi ya dawa za kweli kwa kazi hii ni matatu tu, na kuchagua kati yake usiku huo kuna uzito kuliko tunavyodhani. Msimamo wangu nautanguliza ili usome ukiujua: kwa mgonjwa mahututi ambaye hamira yake haijajulikana jina, anza na ekinokandini ukiipata, ukiikosa, anza na amfoterisini, flukonazo ni dawa ya kuteremkia baadaye, jina likishajulikana na kipimo kikishaonyesha kwamba inafanya kazi.

Hamira ninayoizungumzia ni fangasi wa chembe moja, ndugu wa mbali wa hamira ya maandazi. Wengi wao hospitalini ni wa jamii ya Candida, wanaoishi kwenye ngozi na utumbo wetu bila kelele mpaka antibayotiki ziue bakteria wanaowabana na katheta au kidonda cha upasuaji kiwafungulie njia ya kuingia kwenye damu. Utando mweupe wa mdomoni na muwasho wa ukeni ni habari nyingine, na uchaguzi wake ni mwingine.

Jina la hamira ndilo nusu ya jibu

Kwa miaka mingi tuliponea kwenye bahati ya Candida albicans. Ndiyo iliyokuwa ikitawala, na flukonazo iliimudu. Kipimo chake hata maabara ndogo inakiweza: unaweka koloni kidogo (rundo la hamira iliyoota) kwenye seramu, yaani maji ya damu, unaiacha kwenye nyuzi 37 kwa saa mbili hadi tatu, unatazama kwa hadubini. Albicans huchomoza kijiti chembamba kama mbegu ya kunde iliyoanza kuota, bila mkunjo pale kilipoanzia. Kikitokea, umepata habari njema kabla ya chakula cha mchana. Kisipotokea, usiseme tu "si albicans" ukafunga daftari, maana hapo ndipo shida inapoanza.

Candida krusei imezaliwa na usugu dhidi ya flukonazo. Hakuna dozi itakayoibembeleza. Candida glabrata ina pampu kwenye ngozi ya chembe yake zinazoitema dawa nje, na kadiri inavyoonjeshwa flukonazo ndivyo inavyoziongeza. Candida parapsilosis, inayopenda sana mipira ya plastiki na mikono ya wahudumu, zamani ilikuwa mteja mwaminifu wa flukonazo, lakini Afrika Kusini na nchi za Mediterania aina zenye usugu zimeshaota mizizi kwenye wadi.

Halafu kuna Candida auris. Ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 2009, kutoka kwenye sikio la mgonjwa mmoja Tokyo, ndiyo maana ikaitwa auris, neno la Kilatini la sikio. Anayedhani ni habari ya Wajapani atazame Nairobi: katika hospitali moja kubwa ya rufaa ya huko, kati ya wagonjwa 201 waliokutwa na Candida kwenye damu kuanzia 2010 hadi 2016, auris ilichukua asilimia 38 na albicans asilimia 27. Yaani ilikuwa imeshakaa kwenye vitanda vya Afrika Mashariki wakati wengi wetu hatujalisikia jina lake. Nchini Marekani, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa kinakadiria kwamba takriban asilimia 90 ya auris ina usugu dhidi ya flukonazo, takriban 30 dhidi ya amfoterisini, na chini ya 5 dhidi ya ekinokandini. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi wa kupewa kipaumbele, auris iliwekwa kwenye kundi la juu kabisa.

Ubaya wake mwingine ni kwamba inajificha nyuma ya majina ya wengine. Vifaa vya zamani vya utambuzi vimewahi kuiita Candida haemulonii au Rhodotorula. Ukiona jina lolote kati ya hayo kwenye cheti cha mgonjwa aliyelala mahututi muda mrefu, rudi maabara ukaulize. Auris huota vizuri kwenye nyuzi 40 hadi 42, joto linalowashinda wengi wa jamii yake, na koloni zake hazina rangi ya waridi ya Rhodotorula.

Flukonazo

Utando wa chembe ya fangasi unashikiliwa na mafuta yanayoitwa ergosteroli. Flukonazo huzuia kimeng'enya kinachoyatengeneza, chembe ikadumaa. Angalia neno hilo: inadumaa, haifi. Kwa mgonjwa mwenye kinga nzuri hilo hutosha, kwa sababu chembe nyeupe zinamalizia kazi. Kwa aliyeishiwa nguvu, hamira iliyodumaa inasubiri tu.

Usugu hapa una njia mbili kubwa. Ama hamira inabadilisha umbo la kile kimeng'enya ili dawa isikikamate, ama inaongeza pampu za kuitema. Auris hufanya yote mawili. Na sisi tunaisaidia: flukonazo ya kinga anayopewa kila mgonjwa wa mahututi bila sababu ya maana, na dozi ndogo za "tujaribu kwanza", zinafyeka hamira dhaifu na kuwaachia uwanja wakorofi.

Dozi ndipo ninapoona makosa mengi zaidi. Kwa maambukizi ya damu kwa mtu mzima dozi ya kwanza ni miligramu 800, kisha 400 kila siku, na hupunguzwa pale figo zinaposhindwa. Ukikuta mgonjwa mwenye Candida kwenye damu anapewa 150 kwa siku, hiyo ni dozi ya fangasi wa ukeni imepotea njia. Na usisahau ujirani wake na dawa nyingine. Rifampisini, ambayo wagonjwa wetu wengi wa kifua kikuu wanaitumia, huishusha kwenye damu, na flukonazo yenyewe huipandisha warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na fenitoini, dawa ya kifafa.

Sifa yake isiyo na mpinzani ni kwamba inafika kila mahali: kwenye mkojo, kwenye jicho, kwenye maji ya uti wa mgongo. Tena mgonjwa anaweza kurudi nyumbani akimeza vidonge, jambo ambalo dawa mbili zinazofuata haziliwezi.

Ekinokandini

Kaspofungini, mikafungini na anidulafungini ni dada watatu. Fangasi ana ukuta nje ya utando, sisi hatuna. Dawa hizi zinamzuia fundi anayeujenga. Chembe ya Candida isiyo na ukuta inapasuka, kwa hiyo hapa hamira inakufa kweli. Na kwa kuwa mwili wetu hauna kitu cha namna ile cha kuharibiwa, madhara ni machache: figo zinasalimika, na dozi haibadilishwi hata mgonjwa akiwa kwenye dayalisisi.

Kaspofungini huanza na miligramu 70, kisha 50 kila siku. Anidulafungini 200 kisha 100. Mikafungini 100 tangu siku ya kwanza. Mgonjwa wa rifampisini anayepewa kaspofungini abaki kwenye 70. Mwaka 2021 mikafungini iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na nasihi kila mfamasia anayeandika bajeti ya hospitali aibebe hoja hiyo kikaoni. Bei ndiyo kikwazo. Mara nyingi familia hupewa karatasi ikanunue nje, na siku mbili zinapotea kwenye michango ya ndugu.

Usugu wake bado ni mdogo, lakini upo, na mara nyingi huzaliwa mbele ya macho yetu. Mgonjwa anaanza vizuri, anapewa dawa wiki kadhaa, na kumbe katheta haijatolewa au kuna jipu tumboni halijakamuliwa. Hamira iliyojificha humo inabadilisha umbo la yule fundi wa ukuta, na sampuli ya wiki ya nne haifanani tena na ya wiki ya kwanza. Glabrata na auris ndizo hodari wa mchezo huu. Damu ikianza tena kuotesha hamira katikati ya matibabu, omba kipimo kipya cha dawa. Majibu ya mwezi uliopita yameshapitwa. Parapsilosis nayo, hata bila kuwa sugu, huhitaji dawa hii kwa wingi zaidi kuliko wenzake.

Kuna mahali ekinokandini haifiki vizuri: mkojo, ndani ya jicho, ubongo. Na kuna hamira moja ambayo haiigusi kabisa, nayo ni Cryptococcus, au kriptokoka. Hili nalisisitiza kwa sababu ya mahali tulipo. Slaidi ya maabara inayosema "hamira" kwenye damu ya mtu anayeishi na VVU mwenye maumivu ya kichwa inaweza kuwa ya kriptokoka. Ukimwekea kaspofungini umempa maji. Kipande cha utepe wa antijeni ya kriptokoka kinatoa jibu kwa dakika kumi. Kifanye kabla dripu haijafunguliwa.

Amfoterisini B

Dawa kongwe, iliyopatikana miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongo wa karibu na mto Orinoco, Venezuela. Inashikana na ile ergosteroli yenyewe na kuharibu utando wa chembe. Kwa kuwa haiwindi kimeng'enya kimoja, hamira hupata shida kuikwepa, na hii ndiyo sababu baada ya zaidi ya miaka 60 bado inasimama. Candida lusitaniae inajulikana kwa kuiponyoka, na sehemu ya auris kama nilivyosema. Tahadhari moja: baadhi ya mashine za kusoma usugu huitangaza auris kuwa sugu kwa amfoterisini wakati siyo. Kabla hujaitupa dawa hii kwa sababu ya cheti, omba maabara irudie kwa njia nyingine.

Zipo za sura mbili, na kuzichanganya kunaua. Ya kawaida, ile ya deoksikolati, dozi yake kwa maambukizi haya ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ya liposomu, iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, ni 3 hadi 5 kwa kilo. Mtu akichukua dozi ya pili akaipigia kichupa cha kwanza, moyo unaweza kusimama. Kwenye stoo zote nilizosimamia nimeziweka rafu tofauti, na lebo ya ya kawaida imeandikwa kwa wino mwekundu: USIZIDISHE 1.5 KWA KILO.

Ngoja nieleze uchanganyaji, kwa sababu ndipo dawa nzuri inapoharibikia. Kichupa cha miligramu 50 cha ya kawaida kina unga wa manjano. Unaingiza mililita 10 za maji safi ya sindano, unatikisa mpaka yawe manjano yanayoona upande wa pili, kisha unayapeleka kwenye maji ya sukari ya asilimia 5, mililita 500. Usitumie maji ya chumvi. Niliwahi kuitwa wadini nikakuta dripu imekuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Sista alikuwa ametumia chumvi kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani. Dawa ilikuwa imeganda, tukaimwaga. Kaspofungini ni kinyume chake kabisa: inataka maji ya chumvi na inaharibika kwenye sukari. Hospitali yenye dawa zote mbili ibandike hilo ukutani.

Dripu ya amfoterisini ya kawaida inapita kwa saa nne hadi sita. Mgonjwa atatetemeka kwa baridi, homa itapanda, atatapika. Parasetamoli ya mapema na blanketi vinasaidia. Kabla yake mpitishie lita moja ya maji ya chumvi, kisha uisafishe njia ya dripu kwa maji ya sukari, kwa sababu hayo maji ndiyo kinga ya figo. Potasiamu na magnesiamu vitashuka. Pima kretinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) na chumvi za damu angalau mara mbili kwa wiki, na ukiona kretinini inapanda maradufu usingoje kikao cha Jumatatu. Ya liposomu haina vurugu kubwa hivyo, ila bei yake inakaribiana na ya kundi lililotangulia.

Zilipopambanishwa ana kwa ana

Majaribio manne yanatosha kueleza tulivyofika hapa. Mwaka 1994 wagonjwa 206 waligawanywa kati ya amfoterisini ya kawaida na flukonazo: ya kwanza iliponya asilimia 79, ya pili 70, tofauti ambayo kitakwimu haikuhesabika, na flukonazo iliharibu figo mara chache kuliko mwenzake. Hapo flukonazo ikapata ufalme. Mwaka 2002 kaspofungini ilipambana na amfoterisini ya kawaida ikapata asilimia 73.4 dhidi ya 61.7. Mwaka 2007 mikafungini na amfoterisini ya liposomu zilitoka sare, karibu 90 kwa 90. Mwaka huohuo anidulafungini iliishinda flukonazo, asilimia 75.6 kwa 60.2.

La mwisho ndilo linalonifikirisha. Hamira nyingi zaidi kwenye jaribio lile zilikuwa albicans, zile ambazo flukonazo inaziweza, na bado ilibaki nyuma. Hata pasipo usugu, kumdumaza adui na kumuua ni mambo mawili. Mwongozo wa Marekani wa 2016 uliweka ekinokandini mbele kwa watu wazima, ukaacha flukonazo kwa mgonjwa asiye mahututi ambaye hakuna sababu ya kushuku hamira sugu. Nakubaliana nao, ila kwa wadi zetu ningeongeza: kama hospitali yako haijawahi kuangalia ni hamira zipi inazo, huna msingi wa kusema hakuna sababu ya kushuku.

Ningechagua nini

Mgonjwa wa kitanda cha nne: ekinokandini usiku uleule. Haipo? Amfoterisini ya liposomu. Nayo haipo? Ya kawaida, pamoja na maji na vipimo vya figo, huku tukiendelea kuitafuta ya kwanza. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa kawaida, anazungumza, shinikizo la damu liko sawa, hajawahi kutumia dawa za fangasi, na maabara imeona kile kijiti cha albicans: flukonazo, dozi kamili, sina wasiwasi.

Kichanga njiti ni kesi ya peke yake. Kwake amfoterisini ya kawaida, miligramu 1 kwa kilo kwa siku, ndiyo ya kuanzia, na figo za vichanga huistahimili kuliko za watu wazima. Hamira kwa vichanga hupenda kuingia ubongoni, mahali ambapo ekinokandini haifiki, kwa hiyo usiwahamishie hesabu za wakubwa. Hamira ikiwa kwenye mkojo peke yake, mara nyingi kutoa mpira wa mkojo kunatosha, na ikihitajika dawa ni flukonazo. Kriptokoka ya uti wa mgongo ina njia yake: jaribio kubwa lililofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Afrika Kusini na Zimbabwe lilionyesha kwamba dozi moja nzito ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na flusitosini (dawa nyingine ya fangasi) na flukonazo kwa wiki mbili, haizidiwi na dripu za kila siku za wiki nzima. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza.

Vyovyote utakavyochagua, katheta itoke mapema iwezekanavyo. Otesha damu kila siku au kwa kuruka siku moja mpaka isiote, kisha hesabu siku 14 kuanzia hapo. Siku ya kwanza ya dawa siyo siku ya kwanza ya hesabu. Mgonjwa aangaliwe macho ndani ya wiki ya kwanza. Damu ikishakuwa safi, hali imetulia na cheti kinasema hamira inaisikia flukonazo, mteremshie: hapo ndipo dawa hiyo inapokuwa chaguo bora kuliko zote tatu.

Kama jina lililorudi ni auris, kuna kazi ya ziada ambayo haimo kwenye kichupa chochote. Mgonjwa atengwe. Kitanda, kamba za mashine na kipimo cha shinikizo vifutwe kwa dawa ya klorini, kwa kuwa dawa nyingi za kawaida za kusafishia sakafu haziiui. Itabaki kwenye ngozi yake kwa miezi hata baada ya kupona. Akihamishiwa hospitali nyingine, jina Candida auris liandikwe juu kabisa ya barua ya rufaa, na mtu apige simu wadi inayompokea kabla gari la wagonjwa halijaondoka.